Mwaka wa Bwawa la Mikangaga

Nilikuwa jikoni kwangu Maskati nachambua mchele Raya aliponipigia simu kuniambia kuwa mama yake, Nasra, amefariki. Hakulia. Alisema, akiniita mama mdogo kwa Kiarabu, "Khala Zuwena, mama ametutoka alfajiri, wanamzika adhuhuri," kisha akakata simu, mchele bado mkononi mwangu. Nilipofika Nizwa maziko yalikuwa yameshakwisha. Ukumbi wa wanawake ulijaa, mazulia yametandikwa ukuta kwa ukuta, chupa za kahawa zinapita, na sahani za halwa zimekaa katikati hazijaguswa. Nilikaa karibu na mlango kama mgeni, kwa sababu mgeni ndivyo nilivyokuwa: Nasra na mie tulikuwa tumeonana labda mara tano katika miaka arobaini, kwenye harusi za watu na misiba ya watu, na kila mara tuliulizana afya na watoto tukaagana. Raya akaja akanishika mkono, akanipeleka chumbani kwa mama yake, akafungua kabati. Chini ya kanga zilizokunjwa palikuwa na daftari la skuli, jalada limefifia, na ndani yake miandiko miwili, wa Nasra na wangu. "Hii daftari yote ni maji na vyura," Raya akasema, kwa Kiswahili chao watoto waliozaliwa Omani. "Mama alikuwa hataki kusema hiyo habari. Nikimuuliza ananambia, muulize Zuwena. Basi nakuuliza." Kisha, akiwa anafunga kabati, akaongeza, "Na babu Hamdun yuko upande wa wanaume. Hajawahi kuingia nyumba hii. Leo amekuja." Nilikaa kitandani kwa Nasra, daftari mapajani.

Mwaka ninaoulizwa ulikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepangiwa kusomesha sayansi katika skuli ya wasichana kwenye kijiji kimoja nje ya Ibra. Jina la kijiji sitalitaja, kwani watu wake bado wapo na hawakunikosea kitu. Nilipewa chumba nyumbani kwa Bwana Hamdun, mjomba wake Nasra, ambaye ndiye aliyemlea tangu walipotoka Tabora. Nasra alisomesha hisabati skuli hiyohiyo, na tuliwekwa chumba kimoja cha juu, chenye madirisha manne madogo usawa wa sakafu, ukilala unaona mitende na ukisimama unaona ukuta. Chini ya dirisha moja ndipo palipokuwa na sabla, baraza la wanaume, na maneno yao yalipanda kwetu kama moshi wa jikoni. Mke wa Bwana Hamdun, Bi Zamzam, alipika kwa zamu za nchi mbili. Asubuhi tulikula mkate mwembamba wa Kiomani, ule unaoparuzwa kwa mkono juu ya chuma cha moto, kwa samli na asali. Mchana wali na papa mkavu. Na jioni, watu wa nje wakishaondoka, maharage kwa nazi ya kopo, na Kiswahili kikatoka kilipofichwa. Nje ya mlango tulikuwa Waarabu. Ndani, Bwana Hamdun alivua kilemba, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, mwalimu, tuambie ya Unguja," na mie nikamwambia, na akacheka mpaka akakohoa. Nataka lieleweke hili kabla sijaendelea. Alinitendea kama mwanawe.

Skuli haikuwa hivyo. Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa na vitabuni, na wasichana walinicheka wazi, wengine wakubwa karibu sawa na mie, wakirudia matamshi yangu nyuma ya mikono yao. Sikuwa na kifaa hata kimoja cha kusomeshea. Nilichora ua ubaoni kwa chaki, nikataja sehemu zake, nikasikia wanacheka, nikachora tena. Wiki ya tatu nilimwambia Nasra kuwa nitaandika barua niondolewe. Jioni ile alinichukua kwa miguu mpaka nje ya kijiji, tukapita mashamba ya mitende, tukateremka kwenye mkono wa bonde ambako majabali yanabanana, na pale pakawa na bwawa.

Wenyeji waliliita Ghadiri tu, yaani Bwawa, kana kwamba duniani hapakuwa na jingine. Lilikuwa halizidi uwanja wa skuli yetu kwa ukubwa, lakini kutoka ukingo wa chini ilianza tope, tope nyeusi laini inayovuta mguu, na juu ya tope ilisimama mikangaga na matete yanayomzidi mtu kimo. Sikuwa nimeona mkangaga tangu nitoke Unguja. Niliushika jani nikaukunja, nikanusa harufu ile ya maji yaliyokaa, na nikalia kwa sauti bila haya, Nasra akiwa amesimama pembeni akitazama pengine. Baadaye nililijua bwawa lile kama ninavyojua kiganja changu. Kwenye kina palikuwa na visamaki vya rangi ya mchanga vilivyokuja kukutafuna nyayo ukitia mguu, na kunguni wa maji ambaye dume lake hubeba mayai mgongoni, yamepangwa kama punje za mtama. Kereng'ende wekundu walisimama juu ya ncha za matete, na wale wembamba wa buluu walikaa chini zaidi, karibu na maji, kama sindano zilizosahauliwa. Ndago ilijaa ukingoni. Kwenye mwamba uliotoa jasho la maji mwaka mzima iliota mimea laini yenye vikonyo vyeusi kama nywele, na juu yake vichaka vya haban, maua mazuri ya waridi ambayo mbuzi hawayagusi kwa sumu yake. Mdiria mmoja alikuwa na jiwe lake katikati ya maji. Asubuhi walikuja ndege wa jangwani, firigogo, kunywa, kundi zima kwa mpigo mmoja, wakaondoka kwa mpigo mmoja. Na vyura, wadogo, wa rangi ya kokoto, hata huwaoni mpaka waruke.

Niliwapeleka wasichana. Mkuu wa skuli aliniruhusu kwa sharti kuwa Nasra awepo na turudi kabla ya adhuhuri. Siku ya kwanza mmoja wao, yule aliyekuwa akiniiga kuliko wote, alishika kiluwiluwi kwenye kiganja akaniuliza miguu yake iko wapi, nikamjibu kwa Kiarabu changu kibovu kuwa bado inakuja, na hakuna aliyecheka. Tangu hapo tukaanza daftari. Wao walitupa majina ya kijijini, mie nikaandika ya Kiswahili niliyoyajua, Nasra akaandika ya Kiingereza kutoka kitabu kimoja alichokuwa nacho. Mahali ambapo hatukuwa na jina tulichora. Kwa miezi mitatu nilikuwa mwalimu hasa. Sikuandika barua ile.

Mvua za majira ya baridi hazikuja. Watu walisema zitakuja mwezi ujao, na mwezi ujao wakasema vilevile. Katika ukame ule Bwana Hamdun alinunua kipande cha ardhi juu ya bwawa, mwendo wa robo saa kufuata bonde, akachimba kisima na kufunga injini ya dizeli juu ya zege, yenye mkanda mpana wa turubai uliozungusha pampu. Alikuwa ameendesha magari makubwa jangwani miaka mingi, akilala chini ya lori, ili apate siku ile. Alitupeleka sote kuiona. Aliizungusha hendeli, injini ikakohoa ikashika, na maji yakatoka kwenye bomba mazito kama mguu wa mtu, yakaanguka kwenye birika na kumwagikia mifereji. Bi Zamzam alitia mikono akanawa uso. "Hapa majani ya ng'ombe," Bwana Hamdun akasema akionyesha, "pale malimau, pale mapapai. Na hapa, Bi Zamzam, hapa muhogo." Bi Zamzam akafunika mdomo kwa ushungi. Miaka mingapi alikuwa hajala muhogo mbichi wa kuchimba mwenyewe. Sote tulifurahi. Na mie nilifurahi.

Baada ya wiki chache jiwe la mdiria lilikuwa limesimama nchi kavu. Nilidhani ni ukame tu, mpaka siku moja injini ilipoharibika, na kwa siku mbili zile ukingo wa bwawa ukapanda upana wa vidole vitatu. Ilipotengenezwa ukashuka tena. Nasra alipima kwa fimbo aliyoichonga alama, asubuhi na jioni, akaandika tarakimu zake daftarini. Falaji nayo, mfereji wa kale unaogawia kijiji maji, ilianza kupungua. Hapo ndipo maneno yalipoanza kupanda kutoka sabla. Wakili wa falaji, yule anayesimamia zamu za maji, alikuja jioni tatu mfululizo. Tulilala kifudifudi karibu na dirisha tukisikiliza. "Kisima chako kinanyonya mama wa falaji, chemchemi yetu," alisema. "Desturi iko wazi, hapachimbwi kisima karibu nayo." Bwana Hamdun akamjibu kwa upole, "Nimenunua ardhi kwa karatasi. Maji yaliyo chini ya ardhi yangu ni yangu. Mie nimetoka Tabora na sanduku moja, hapakuwa na mtu aliyeniuliza desturi." Wakili akasema atapeleka malalamiko Ibra. Akapeleka, na Ibra wakasema kamati itakuja kutazama. Kamati haikuja mwezi ule wala uliofuata.

Nasra alijaribu kwa njia yake. Tulikuwa tumekaa kwenye sinia, Bi Zamzam amepika muhogo wa kwanza kwa nazi, mwembamba bado lakini mweupe, umepasuka vizuri, na Bwana Hamdun alikuwa akimtazama mkewe anavyokula badala ya kula mwenyewe. "Mjomba," Nasra akasema, "ukiipumzisha injini mchana kutwa siku mbili kwa wiki, bwawa litabaki." Bwana Hamdun akafuta mkono. "Bwawa lina faida gani, mwanangu?" "Watoto wa skuli wanasoma pale. Na wanyama wapo, samaki, vyura." "Vyura," akasema, bila kejeli, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawa. "Nizime mashine, miche yangu ikauke, kwa sababu ya vyura." Bwana Hamdun akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, unasemaje?" Nilikuwa na muhogo mdomoni. Nilisema, "Wewe ndiye unayejua, mzee." Nasra hakunitazama, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenitazama.

Majira ya joto yalipofika bwawa lilikuwa limegawanyika vidimbwi vitano. Wasichana wangu na Nasra na mie tulikwenda na ndoo na sufuria asubuhi mapema, tukavichota visamaki kwa vitambaa vya chai, tukavibeba mpaka birika la skuli. Tuliviona vikizunguka mle, tukapeana mikono kwa furaha. Siku ya tatu maji ya birika yalikuwa ya moto kama chai na samaki wote walielea matumbo juu. Msichana mdogo kuliko wote aliwatoa mmoja mmoja akawapanga ukingoni, akawafunika mchanga. Bwawani palikuwa pabaya zaidi. Nyangenyange wamekuja kutoka sijui wapi, wanatembea kwenye tope wakidona walichotaka bila haraka, na punda walikanyaga kilichobaki. Viluwiluwi vilikufa pamoja katika vishimo vya kwato, maelfu, vimegandana kama ugoro. Mikangaga ilianza kukauka kutoka ncha. Kereng'ende mmoja jike aliendelea kushusha mkia wake kutaga kwenye kioo cha gari lililoegeshwa juu, akidhani ni maji, akapiga, akapiga. Nilimtazama mpaka nikashindwa. Nilikuwa sili vizuri, silali, na nikimaliza darasa nilikwenda kukaa pale peke yangu, na kichwani nilikuwa na wazo moja tu lililozunguka kama injini ile ile. Sasa nikikumbuka najua halikuwa bwawa peke yake. Nilikuwa nimeshapoteza mahali pamoja bila kuulizwa, na nilijiambia kuwa mara hii sitakaa nitazame. Lakini wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na hasira tu, na aliyekuwa karibu nimkasirikie ni mtu aliyenilisha.

Kilibaki kidimbwi kimoja chini ya jabali, kirefu kama kitanda, na ndani yake samaki wa mwisho. Ndipo habari ikaja kuwa kamati itafika wiki ijayo. "Kidimbwi hakitafika siku hizo," nilimwambia Nasra. "Kitakauka kabla." Nilimwambia tuimwage dizeli. Alikataa usiku na mchana, kisha siku moja akasema, "Dizeli tu. Atapoteza siku nne, tano, mpaka gari la mafuta lije. Nitamlipa kwa mshahara wangu, na nitamwambia mwenyewe kamati ikishaondoka." Ijumaa, wanaume wako msikitini na injini imezimwa, tukapanda bonde. Nasra alifungua bomba la tangi, dizeli ikaanza kunywewa na mchanga, naye akaenda kusimama langoni karibu na miche ya malimau kuangalia njia. Mie nilikuwa na kisu cha Bi Zamzam cha kukatia nyama, nimekifunga ndani ya ushungi. Hakujua. Niliupindua mkanda nikaukata kwa upande wa ndani, nikikata na kusikiliza, mpaka ukabaki umeshikana kwa nyuzi chache, kisha nikaurudisha ulivyokuwa. Nilitaka injini ikiwashwa tena ukatike. Miaka yote nimejiambia kuwa sikufikiri kutakuwa na uso wa mtu karibu. Lakini nilikuwa nimemuona Bwana Hamdun mara nyingi anapoiwasha. Huinama, husogeza sikio, husikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Nilimuona. Nilijua.

Hatukujua alikuwa na pipa la akiba. Alasiri ile ile alijaza tangi, na tulikuwa tunaanua nguo uwanjani tuliposikia injini imeshika, kwa mbali, halafu mlio mwingine, mkavu, halafu injini ikaenda kasi bila mzigo, ikipiga kelele kama mnyama. Walimleta juu ya mlango waliouvunja bawabani. Bi Zamzam alimshika kichwa wakati wote wa kumpandisha garini, na mikono yake mpaka kwenye viwiko ilikuwa myekundu. Mkanda ulikuwa umempiga uso. Ibra walimsafisha wakampeleka Maskati, na Maskati wakasema jicho la kulia halipo tena.

Kesho yake jamaa waliukagua mkanda wakaona umekatwa. Na nani katika kijiji kile alikuwa na ugomvi na Hamdun juu ya maji? Askari walikwenda kumchukua wakili wa falaji mbele ya wanawe. Nilisikia kutoka dirishani wanaume wakisema kuwa mtu wa kumtoa mwenzake jicho anajulikana dawa yake. Nasra alipanda juu, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. "Ulifanya nini?" aliniuliza. "Nilikata mkanda." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi lazima isemwe leo. Yule mzee wakili ana moyo mbovu, atafia kule." Nilisema ndiyo. Nilisema nakuja, ngoja nivae. Nikakaa kitandani. Nilijaribu kusimama na sikuweza, na siyo kwamba miguu ilinikataa. Niliona tu kile kitakachotokea, sura moja moja, skuli, gari, aibu, safari ya kurudi ambayo haikuwa na mwisho kwa sababu sikuwa na pa kurudi. Nasra alisubiri. Sijui alisubiri kiasi gani. Mwishowe akavaa ushungi wake akasema, "Mie ni damu yake. Atanipiga, ataninunia, lakini hatanitupa. Wewe watakupeleka wapi?" Akafungua mlango. Nilimsikia anashuka ngazi, nikasikia Bi Zamzam, aliyerudi kuchukua nguo za mgonjwa, anauliza kuna nini, na nikasikia, "Mkanda nimeukata mie, mama. Ni mie peke yangu." Halafu sauti ya kitu cha bati kimeanguka na kuzunguka sakafuni muda mrefu mpaka kikatulia. Nilikuwa juu ya ngazi, mkono ukutani. Hatua kumi na mbili tu. Sikushuka.

Wakili aliachiwa. Jambo likafungwa ndani ya ukoo kama mambo hayo yanavyofungwa, na baada ya mwezi Nasra akaozwa kwa mtu wa Nizwa, aliyefiwa na mke, mwenye watoto, mtu mwema nilivyosikia baadaye. Skuli hakurudi tena. Tulipoagana alinipa mkono wake mmoja, ule mwingine umeshika sanduku, akasema, "Wasomeshe vizuri." Bi Zamzam aliendelea kunipikia mpaka mwisho wa mwaka. Aliniwekea kipande kizuri cha samaki, akaniambia, "Kula, mwanangu, umekonda. Na wewe alikutia aibu, rafiki yako yule." Nilikula.

Na bwawa? Bwana Hamdun hakukanyaga tena shamba lile. Injini ilipata kutu, muhogo ukafa, mbuzi wakala miche ya malimau. Kidimbwi cha chini ya jabali hakikukauka. Kilianza kuenea polepole, na majira ya baridi yaliyofuata mvua ilishuka ya siku mbili, bonde likateremka na mawe, na asubuhi yake vyura walikuwa wakilia kutoka kwenye tope ambayo nilidhani haina kitu. Nilisimama ukingoni na wasichana wangu wakiruka kwa furaha, na mie nikawaambia turudi skuli. Siku hizi pamezungushiwa uzio na kuna kibao kinachosema ni hifadhi, usitupe taka, usivue. Watu wa Maskati huenda kutembea. Mara mbili watoto wangu wameniomba tusimame pale njiani kwenda Sur, na mara mbili nimesema tumechelewa.

Yote hayo nilimwambia Raya, nimekaa kwenye kitanda cha mama yake. Nilitegemea atanifukuza. Aliuliza tu, "Kwa nini hukusema baadaye? Miaka yote?" Nikamwambia kweli, kuwa kila mwaka ulikuwa mgumu kuliko uliopita, na kuwa nilijiaminisha wameshapatana. "Hawakupatana," akasema. "Kila Idi mama alitupeleka sisi kumsalimu babu. Yeye mwenyewe alibaki kwenye gari." Nilikuwa sijui hilo. Au sikuwahi kuuliza, kwa kuogopa kulijua.

Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini kusali maghrib. Bwana Hamdun alibaki kwa sababu ya magoti, akasali juu ya kiti, na Raya alinipeleka kwake alipomaliza. Alikuwa mdogo sana ndani ya kanzu yake. Jicho la kulia lilikuwa mshono tu. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba. Nani?" "Zuwena. Mwalimu wa sayansi." Uso wake ukafunguka. "Mwalimu wa Unguja! Karibu, mwanangu, kaa, kaa." Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa maneno machache, kwa sababu nilijua nikiyapamba nitakimbia. Nasra alimwaga dizeli. Mkanda nilikata mie. Alipokuambia ni yeye nilikuwa juu ya ngazi nasikia.

Mkono wake ulipanda usoni, ukagusa mshono, ukashuka. Nikasema, "Nakuomba msamaha, mzee." Akatikisa kichwa, siyo kwa hasira, kama mtu anayemzuia mwengine asimmiminie kahawa zaidi.

"Mie usiniombe," akasema. "Mie nina jicho jingine. Yule mtoto alikuja hospitali Maskati, akasimama miguuni kwa kitanda, akaniita mjomba. Nikageukia ukuta." Alivuta pumzi. "Nikabaki nimegeuka."

Kisha akamwita Raya, akaomba bakora yake na viatu vyake. Raya akamwambia kumeshaanza giza, babu, makaburini hakuna taa, twende kesho. Akasema, "Leo." Raya akampigia magoti akamvalisha viatu, akamshika mkono, na wakatoka hatua kwa hatua kupita uani, yeye akiuliza njia ni laini au ina mawe, na ni mbali kiasi gani, na kama amelazwa mwanzo wa safu au katikati. Mie hawakuniita. Nilisikia gari linawashwa, linaondoka, na wanawake ukumbini wakiulizana bwana mkubwa kapelekwa wapi, bila ya hata kusubiri chakula.